Mvinyo Mwekundu Mchanga wa Bordeaux: Médoc, Saint-Émilion na Pomerol, au Bordeaux ya Kawaida?

Mtu anayefungua chupa ya mvinyo mwekundu wa Bordeaux iliyo na miaka mitatu tu tangu zabibu zake zichumwe mara nyingi hukutana na kitu ambacho hakukitarajia: ulimi unakauka, fizi zinakaza, na ule ukakasi anaoufahamu kila aliyewahi kula bibo au zambarau ambazo hazijaiva unatanda mdomoni kote. Akiwa amelipa fedha nyingi, huuliza swali la haki kabisa: je, mvinyo huu ni mbaya, au ni mchanga? Swali hilo huwa gumu zaidi anaporudi dukani, kwa sababu chupa ya pili, ya mwaka uleule na ya bei inayokaribiana, yaweza kuwa laini kiasi cha kunyweka siku hiyohiyo, ilhali lebo zote mbili zimeandikwa Bordeaux.

Makala haya yanalinganisha aina tatu za mvinyo mwekundu mchanga wa mkoa huo wa kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ya kwanza ni mvinyo wa ukingo wa kushoto, yaani Médoc pamoja na vijiji vyake mashuhuri vya Saint-Estèphe, Pauillac, Saint-Julien na Margaux, na pia Pessac-Léognan iliyo kusini mwa jiji. Ya pili ni mvinyo wa ukingo wa kulia, yaani Saint-Émilion, Pomerol na majirani zao kama Fronsac na Castillon. Ya tatu ni mvinyo unaoandikwa Bordeaux au Bordeaux Supérieur bila jina la kijiji, ambao mwingi hutoka katika eneo pana lililo kati ya mito ya Garonne na Dordogne. Mito hiyo miwili huungana chini kidogo ya jiji na kufanya mlango mpana wa maji uitwao Gironde, na majina ya kushoto na kulia hutokana na mtu anayetazama maji yanakoelekea, yaani kwenye bahari ya Atlantiki.

Tofauti inaanzia wapi

Ukingo wa kushoto una ardhi ya changarawe iliyoletwa na mito zamani sana kutoka milimani. Changarawe hupitisha maji haraka na hushika joto la jua, nayo huifaa Cabernet Sauvignon, zabibu ndogo yenye ganda nene ambayo huchelewa kuiva na ambayo kwenye udongo wa baridi hubaki mbichi. Ukingo wa kulia una zaidi udongo wa mfinyanzi na mawe ya chokaa, udongo unaotunza maji na ulio baridi zaidi, na hapo hutawala Merlot, ambayo huiva mapema na huwa na nyama nyingi zaidi. Karibu kila chupa ni mchanganyiko: kushoto Cabernet Sauvignon huongoza huku Merlot ikiilainisha, na kulia Merlot huongoza huku Cabernet Franc ikiipa harufu na uti wa mgongo. Ile Bordeaux ya kawaida kwa sehemu kubwa hutegemea Merlot, kwa kuwa ndiyo zabibu nyekundu iliyopandwa kwa wingi zaidi katika mkoa mzima.

Inafaa kujua pia kwamba hizi si zabibu ngeni kwa kila mmoja. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa California na kutangazwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa Cabernet Sauvignon ni mtoto wa Cabernet Franc na Sauvignon Blanc, na baadaye ikabainika kuwa Merlot nayo imezaliwa na Cabernet Franc hiyohiyo. Ni ndugu wa mzazi mmoja waliolelewa katika nyumba mbili tofauti, na kwa hiyo anayeonja asishangae akikuta mvinyo wa kushoto na wa kulia unaofanana sana, hasa kijiji cha kushoto kinapokuwa na udongo wa mfinyanzi mwingi, kama ilivyo Saint-Estèphe.

Vigezo, na jinsi ya kuvipima kwa haki

Vigezo nitakavyotumia kwa aina zote tatu ni rangi, harufu, hali ya mvinyo kinywani, alama ya pipa, muda wa kungoja, bei pamoja na maandishi ya lebo, na chakula. Kigezo chenye uzito mkubwa zaidi kwangu ni cha kinywani, kwa maana mvinyo mchanga hufichua hapo mifupa ambayo mwili utaijengea. Rangi naiweka chini kabisa.

Kabla ya kulinganisha, chupa ziwekwe katika hali sawa. Kitabu chochote cha Ulaya kitakuambia mvinyo mwekundu unyweke katika joto la chumba, lakini chumba kinachokusudiwa ni cha jengo la mawe lenye nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, wala si sebule ya Mombasa au Dar es Salaam yenye nyuzi 30. Katika joto la pwani kileo hupanda puani, matunda hufifia, na mvinyo wa ukingo wa kulia huonekana mzito na mchovu kuliko ulivyo. Upande wa pili, mvinyo uliotolewa moja kwa moja kwenye friji huonyesha tanini, yaani kile kiungo kinacholeta ukakasi, kali kuliko ilivyo, na hapo wa ukingo wa kushoto ndio hudhulumiwa. Nusu saa hivi ndani ya friji kwa chupa iliyokuwa na joto la chumba chetu hutosha kuleta usawa. Glasi ziwe za umbo moja, zijazwe si zaidi ya theluthi, na kila mvinyo uonjwe mara tatu: mara tu chupa inapofunguliwa, baada ya saa moja au mbili, na ikiwezekana kesho yake kutoka chupa iliyobaki nusu na kufungwa kwa kizibo chake.

Onjo la kesho yake ndilo ninalolithamini kuliko yote, na nawahimiza wasomaji wasilipuuze. Hewa inayoingia usiku kucha hufanya kwa haraka na kwa ukali sehemu ya kazi ambayo miaka ndani ya chupa huifanya polepole. Mvinyo mchanga ambao asubuhi umefunguka, tanini zake zimelainika na matunda yamejitokeza, una akiba; ule ambao umebaki uchachu na ukavu tu haukuwa na akiba hiyo, hata kama usiku uliotangulia ulipendeza.

Rangi

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo wote mchanga wa Bordeaux huwa na ukingo wa zambarau au samawati kidogo, ambao kwa miaka hugeuka kuwa rangi ya tofali. Wa kushoto na wa kulia kutoka shamba zuri katika mwaka wa jua utakuwa mzito kiasi cha kutoona vidole nyuma ya glasi, na Bordeaux ya kawaida itakuwa nyepesi zaidi. Ukiona rangi ya tofali au kahawia kwenye chupa ya miaka mitatu, shuku kwamba imehifadhiwa mahali pa joto. Zaidi ya hapo rangi haisemi mengi, kwani giza la rangi hupatikana hata kwa mvinyo usio na mizani.

Harufu

Mvinyo mchanga wa ukingo wa kushoto hunukia yale matunda meusi madogo ya Ulaya ambayo wengi wetu tunaifahamu ladha yake kupitia Ribena, pamoja na mti wa mwerezi na penseli iliyochongwa sasa hivi. Harufu hiyo ya penseli ni alama maarufu ya Pauillac, ingawa Margaux huelekea zaidi kwenye maua, na Pessac-Léognan kwenye moshi na tumbaku. Katika mwaka wa baridi Cabernet isiyoiva vizuri hutoa harufu ya pilipili hoho au majani mabichi yaliyopondwa. Kidogo chake huupa mvinyo uchangamfu. Kikizidi na kufunika matunda, hakuna miaka ya kungoja itakayoigeuza kuwa tunda lililoiva.

Mvinyo mchanga wa ukingo wa kulia hunukia plamu zilizoiva, zile ambazo mtu aliyepita Lushoto wakati wa msimu wake hawezi kuzisahau, pamoja na matunda mekundu, kakao na wakati mwingine udongo uliolowa. Cabernet Franc ikiwa nyingi, kama ilivyo katika shamba la Cheval Blanc, huongeza maua na majani makavu yenye harufu nzuri. Kasoro ya upande huu ni kinyume cha ile ya kushoto: katika mwaka wa joto kali Merlot huiva kupita kiasi na kunukia jemu, tende au zabibu kavu, na kileo huchoma pua. Anayeonja kwa mara ya kwanza hupenda sana utamu huo wa harufu, lakini afahamu kuwa tunda lililokwisha kukauka likiwa mtini haliwezi kuwa bichi tena ndani ya chupa.

Bordeaux ya kawaida hunukia matunda mekundu kwa uwazi na bila mafumbo mengi, na hiyo ndiyo kazi yake. Tusiidai harufu kumi wakati imetengenezwa kwa ajili ya mbili zilizo safi.

Kuna harufu ambazo hazihusiani na uchanga, na ni lazima zitenganishwe nao. Kadibodi iliyolowa au kitambaa kilichovunda ni ugonjwa wa kizibo. Zizi la farasi ni kazi ya aina ya hamira isiyotakiwa. Siki au vanishi ni dalili ya bakteria. Na matunda yaliyopikwa, hasa kama kizibo kimesukumwa juu na mvinyo umevuja shingoni mwa chupa, ni dalili ya joto safarini au ghalani. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na kungoja.

Kinywani

Chukua funda dogo, lisukesuke mdomoni, vuta hewa kidogo juu yake, kisha uliteme au ulimeze. Yanayopimwa ni mambo manne: ukakasi, ambao ni kazi ya tanini inayotoka kwenye maganda, mbegu na mbao za pipa, uchachu, unaofanya mate yatiririke pembeni mwa ulimi, joto na utamu wa kileo, na uzito wa matunda. Émile Peynaud, profesa wa Bordeaux ambaye mafundisho yake yalibadilisha kazi za maghala ya mkoa huo katika karne ya 20, alieleza mizani ya mvinyo mwekundu kwa namna ambayo bado inasaidia: utamu unaotokana na kileo upande mmoja, na jumla ya uchachu na tanini upande wa pili. Kwa hiyo mvinyo wenye tanini nyingi hauvumilii uchachu mwingi, na mvinyo wenye uchachu mwingi hupendeza tu ikiwa tanini zake ni chache.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kupima wingi wa ukakasi peke yake na kusahau aina yake. Fikiria chai ya rangi iliyochemka mno na kusahaulika jikoni: inakausha, inauma nyuma ya ulimi, na haiachi ladha yoyote ya kupendeza. Hivyo ndivyo ilivyo tanini isiyoiva, mara nyingi ya mbegu zilizokamuliwa kwa nguvu. Tanini iliyoiva hukaza mdomo pia, pengine kwa nguvu zaidi, lakini chembe zake ni ndogo na zinazolingana, kama kitambaa cha pamba nzito kinachopita juu ya ulimi, na unapomaliza kumeza tunda linarudi. Kipimo changu ni hiki: baada ya kutema, hesabu kimoyomoyo na uangalie kinachokaa muda mrefu zaidi. Tunda likidumu kuliko ukavu, mvinyo ni mchanga. Ukavu ukidumu peke yake, mvinyo una kasoro, na huenda ukaingia uzeeni ukiwa na kasoro ileile.

Mvinyo wa kushoto ndio mgumu kuliko wote kwa kipimo hiki. Tanini za Cabernet ni nyingi na husimama mbele, uchachu wake uko wazi, na matunda yanaweza kujificha kwa miaka. Kuna wakati, aghalabu miaka michache baada ya kutiwa chupani, mvinyo hujifunga kabisa na kuonekana kana kwamba hauna chochote cha kutoa. Anayeuhukumu siku hiyo kwa funda moja ataukosea. Mvinyo wa kulia una tanini pia, na mashamba ya chokaa ya Saint-Émilion hutoa mvinyo ulionyooka na wenye uchachu mzuri, lakini nyama ya Merlot huzifunika tanini hizo, na Pomerol ya kwenye mfinyanzi hujaza katikati ya ulimi mapema kabisa. Hatari yake ni kudanganya kwa upole: ulaini wa sasa si ahadi ya maisha marefu, na lazima uutafute uchachu chini ya nyama. Kileo nacho kiangaliwe kwenye lebo, kwa kuwa katika miaka ya joto Merlot hufikia asilimia 14.5 na hata 15. Bordeaux ya kawaida huwa na tanini chache na uzito wa wastani. Kinachotakiwa ni usafi na kutokuwepo ukavu mwishoni.

Alama ya pipa

Pipa la Bordeaux lina lita 225, sawa na chupa 300 hivi, na hutengenezwa kwa mwaloni uliobabuliwa kwa moto ndani. Moto huo hutoa harufu ya vanila, kahawa na karafuu. Kwa kweli eujenoli, kemikali inayoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake, imo pia katika mwaloni uliobabuliwa. Mashamba makubwa ya kingo zote mbili hutumia mapipa mapya kwa wingi, na katika mvinyo wa miaka miwili alama hiyo husikika waziwazi. Iwapo chini yake kuna tunda la kutosha, mbao zitamezwa. Iwapo unasikia ubao, kahawa na vanila kisha kimya, pipa lilikuwa na nguvu kuliko zabibu. Kushoto kasoro hii huonekana kama ukavu wa ziada, kulia kama utamu wa ziada, na hii ya pili ni ngumu kugundua. Bordeaux ya kawaida mara nyingi hukaa kwenye matangi bila pipa jipya, na kwa mtu anayejifunza ladha ya zabibu zenyewe hilo ni jambo jema.

Mwaka wa mavuno

Hapa ndipo wanaotangaza mshindi wa kudumu wanapokosea. Merlot huchipua na kuiva mapema, kwa hiyo huumizwa zaidi na baridi kali ya majira ya kuchipua, kama ile ya Aprili 2017, lakini huwahi kuchumwa kabla ya mvua za vuli. Cabernet Sauvignon husubiri, na kusubiri kwake kunaweza kulipwa au kuadhibiwa. Mwaka 1996 hali ya hewa ya mwisho wa msimu iliwapendelea waliosubiri, na ukingo wa kushoto ukapata mvinyo mzuri kuliko wa kulia. Miaka miwili baadaye, 1998, mvua ilifika wakati Merlot nyingi zimekwisha kuchumwa na Cabernet bado ziko shambani, na safari hiyo kulia wakapata mvinyo bora. Kuna miaka kama 2016 ambayo kingo zote zilifanikiwa, na kuna miaka kama 2013 ambayo zote zilitaabika. Wa 2018 na 2022, miaka ya joto, utafute uchachu kwanza. Wa 2021, mwaka wa baridi, utafute uivu wa tanini kwanza.

Muda wa kungoja

Bordeaux ya kawaida iliyo nzuri hunyweka ikiwa na miaka miwili hadi mitano, na kuiweka zaidi ya hapo kwa kawaida ni kuipoteza. Mvinyo wa kulia kutoka shamba linaloaminika huanza kupendeza kati ya miaka mitano na kumi, ingawa mkubwa wao huishi miongo kadhaa. Wa kushoto wenye daraja katika orodha rasmi ya mashamba huhitaji miaka minane hadi kumi na mitano kabla haujatulia, na ulio bora katika mwaka bora unaweza kuvuka nusu karne. Wakati huo tanini huungana zenyewe kwa zenyewe na kwa chembe za rangi, hulainika, na sehemu yake hushuka kama masimbi chini ya chupa.

Hesabu hizo zote zinadhani chupa imelala mahali penye giza na joto la nyuzi 12 hadi 15 lisilobadilika. Katika chumba cha kawaida cha pwani ya Afrika Mashariki, au jiji la Muscat, Oman, wakati wa kiangazi, kungoja kwa miaka kumi bila kabati la kupozea mvinyo hakuukuzi mvinyo, huupika. Nyanda za juu kama Nairobi zina nafuu fulani, lakini hata huko kabati juu ya jiko si ghala. Hili ni suala la kuamua kabla ya kununua, na linapaswa kuwa na uzito kuliko sifa yoyote ya kijiji.

Bei na maandishi ya lebo

Kushoto, orodha ya madaraja ya mashamba inayotajwa zaidi ni ile ya mwaka 1855, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonesho makubwa ya Paris chini ya Napoleon III. Ina madaraja matano, na badiliko lake maarufu ni la mwaka 1973, Mouton Rothschild ilipopandishwa daraja la kwanza kuungana na Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Orodha hiyo ni mwongozo wa historia na wa bei. Ubora wa leo wa shamba la daraja la tano unaweza kupita wa daraja la pili. Chini yake kuna mashamba ya Cru Bourgeois, ambayo kwa mnunuzi wa kawaida ndiyo yenye thamani halali zaidi upande huo. Saint-Émilion ina orodha yake tangu 1955, nayo hurekebishwa kila baada ya miaka kumi hivi, mara ya mwisho 2022. Usidanganywe na maneno Saint-Émilion Grand Cru peke yake, kwa kuwa huandikwa kwenye chupa nyingi mno. Neno Classé likiongezwa ndipo shamba limo kwenye orodha. Pomerol, yenye hekta 800 hivi tu, haina orodha rasmi hata kidogo, na shamba lake la Petrus lilipata umaarufu bila cheo cha serikali.

Uchache wa ardhi hufanya Pomerol kuwa ghali hata katika ngazi ya chini, kwa hiyo anayependa mtindo huo kwa fedha kidogo ajaribu Lalande-de-Pomerol, Fronsac au Castillon. Kushoto anaweza kujaribu Haut-Médoc, Moulis au Listrac, au mvinyo wa pili wa shamba kubwa, ambao hutengenezwa kwa mizabibu michanga na mapipa yaliyoachwa nje ya mvinyo mkuu na kwa kawaida huiva mapema. Bordeaux ya kawaida ni nafuu kuliko zote, na tofauti kati ya mzalishaji makini na asiye makini ni kubwa kupita popote. Maneno yanayoonyesha kuwa mvinyo umetiwa chupani shambani, mis en bouteille au château, ni ishara ndogo lakini yenye maana.

Chakula

Watu wa Bordeaux wenyewe huchoma nyama ya ng'ombe juu ya matawi makavu ya mzabibu yaliyopogolewa, na Pauillac inajulikana kwa nyama ya mwanakondoo. Protini na mafuta ya nyama hushikana na tanini, na ukakasi uliokuwa ukikaza fizi hupungua papo hapo. Kwa sababu hiyo Médoc changa na nyama choma ya mbuzi yenye mafuta na chumvi ni jozi inayoeleweka kwa kinywa chetu bila maelezo, mradi pilipili ibaki pembeni, maana ukali wake huchochea kileo na tanini pamoja. Wa kulia hukubali vyakula laini zaidi: kuku wa kuoka, ndizi nyama, pilau isiyo kali. Bordeaux ya kawaida huenda na mishkaki na maharage ya kukaangwa bila kulalamika. Samaki wa kupaka au wa nazi usimpangie mvinyo wowote wa hii mitatu ukiwa mchanga. Tanini na samaki huacha ladha ya chuma mdomoni.

Kuchagua kwa kutegemea hali yako

Ikiwa unanunua kwa ajili ya chakula cha wiki hii na wageni wako hawajazoea mvinyo mkavu (usio mtamu), chukua Bordeaux ya kawaida ya miaka miwili hadi minne, au Castillon na Fronsac kama bajeti inaruhusu kidogo zaidi. Waliozoea mvinyo mtamu wa Dodoma au wa Afrika Kusini wataingia kwa urahisi kupitia Merlot, na kuwaanzishia Pauillac changa ni kuwakatisha tamaa bila sababu.

Ikiwa unapenda chai kali, kahawa isiyo na sukari na nyama, na una subira ya kumimina mvinyo kwenye jagi saa mbili kabla ya chakula, Cru Bourgeois ya Médoc katika mwaka wa joto itakupa mengi hata ikiwa changa. Katika mwaka wa baridi, fikiria kwanza ukingo wa kulia, ambako Merlot huwahi kuiva, halafu uonje ndipo ununue zaidi ya chupa moja.

Ikiwa unataka kuweka chupa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa mwaka huo, na una kabati la kupozea au ndugu mwenye ghala la chini huko Ulaya, ukingo wa kushoto ndio wenye rekodi ndefu zaidi ya kuvumilia. Saint-Émilion ya kwenye chokaa yenye Cabernet Franc nyingi nayo inastahili nafasi. Huna mahali pa baridi? Basi usinunue mvinyo wa kungojwa. Nunua ulioiva tayari, au wa kunywewa sasa.

Ikiwa umealikwa kuonja mvinyo kutoka kwenye pipa, jambo ambalo wafanyabiashara na waandishi hulifanya Bordeaux kila majira ya kuchipua baada ya mavuno, kumbuka kuwa mvinyo huo una miezi sita hivi, haujatiwa chupani, na sampuli iliyo mbele yako imeandaliwa ili ipendeze siku hiyo. Kushoto tafuta usawa wa chembe za tanini na usijali ugumu wake. Kulia tafuta uchachu na usilewe na tunda.

Na ikiwa umeletewa chupa moja kama zawadi, hujui upande gani wala mwaka gani ulikuwaje, soma jina la kijiji kwenye lebo, ipoze nusu saa, fungua mapema, onja kidogo, kisha uifunge tena uonje kabla ya kuandaa meza. Ikiwa bado imekaza, weka nyama motoni.